Mbuzi Juu ya Turubai la Mama Zawadi

Sogea karibu nikusimulie aibu yangu mwenyewe, maana ukinisikia siku hizi nakataza watu kupigapiga picha utadhani nilizaliwa na busara, kumbe niliipata kwa kumharibia mtu mwingine jina.

Mimi ni mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi huku Kitahana, na kundi la WhatsApp la kijiji nililianzisha mimi. Sikatai, limetusaidia: kuna mtoto alipotea siku ya mnada, akapatikana kupitia kundi hilohilo kabla jua halijazama. Basi asubuhi moja napita na baiskeli kwa jirani yangu Mama Zawadi, muuza unga wa muhogo sokoni Kibondo (ndio unga ninaokula kwangu kila siku, ulikumbuke hilo), nikaona turubai lake la bluu lenye kiraka chekundu limetandazwa kando ya barabara, limejaa vipande vyeupevyeupe, na mbuzi amelala katikati anatafuna. Ningeweza kubisha hodi, mlango ulikuwa hatua kumi tu, lakini mwalimu akishaona somo hanyamazi, nikapiga picha nikaituma kundini kwa upole wangu wote: "Ndugu zangu, muhogo wa kula tuuanike juu ya kichanja. Tunaweza!" Jina sikutaja. Nikajiona muungwana.

Nani asiyelijua turubai lile? Kipindi cha kwanza hakijaisha mtu kaandika, "Unga wa Mama Zawadi huo," mwingine kaweka vicheko, mwingine kairusha kwenye kundi la wafanyabiashara wa Kasulu.

Siku ya soko nikamkuta amekaa na magunia yake yamejaa, mteja hakuna.

"Mwakeye, mwalimu," akanisalimia. "Yale uliyopiga picha ni maganda. Nayaanika sumu iishe ndipo nimpe mbuzi, na yale yalikuwa yameshakauka. Si wewe uliyemfundisha Zawadi wangu, akaja kunifundisha mimi?"

Ni mimi. (Maganda mabichi ya muhogo mchungu humdhuru mnyama, niliandika ubaoni kwa mkono huu.) Muhogo wa unga ulikuwa nyuma ya nyumba, juu ya kichanja, umefunikwa vizuri.

Kwa aibu nikapanda juu ya kreti tupu la soda, nikaanza kuwaeleza watu na kuomba radhi, na ili waamini nikachota unga wake mkavu nikaujaza mdomoni, nikapaliwa, nikakohoa wingu jeupe mbele ya soko zima.

"Mwalimu kala chakula cha mbuzi!" vijana wakashangilia, simu juu.

Video ikasambaa, maneno yangu ya kuomba radhi yamekatwa, kimebaki kikohozi tu.

Mama Zawadi akajaribu soko la Kasulu. Mteja wa kwanza akamtazama, akatazama turubai lile alilotandika chini ya magunia, akamuuliza, "Wewe si ndiye yule wa mbuzi?" Mama Zawadi akarudi na magunia yote. Sasa analima vibarua Murungu, kwenye mashamba ya watu. Ukweli nimeuandika kundini mara tatu; watu wawili wameweka dole gumba.

Ukiniuliza kama mitandao ina faida, nitakujibu kwamba mtoto aliyepotea tulimpata siku ileile, ila jina la Mama Zawadi tunalitafuta mpaka leo. Kwa hiyo, rafiki yangu, ukiona jambo kwa jirani, tia simu mfukoni, shuka kwenye baiskeli, bisha hodi, umuulize.