Chupa ya Damu Niliyoibadilisha

Mimi hakuna jambo la dunia hii lililoweza kunishangaza. Nilianza kwa kubeba nazi kavu za watu begani, jina langu mwenyewe siwezi kuliandika. Nikafika kuwa na ghala mbili Likoni na mizani yangu ya chuma. Chuo cha Kurani nilikiacha mapema. Mizani ndiyo niliyoisoma nikahitimu. Nilipomshuku mwenye mizani, nilitia ndani ya gunia jiwe ambalo uzito wake naujua, nikamwacha apime, nami namtazama macho. Hakuna aliyenila ratili moja.

Basi mke wangu alipougua, sikudhani pana mtu wa kunibabaisha.

Ilikuwa mwaka mmoja hivi kabla ya uhuru. Alikonda, akawa anatoka jasho mpaka shuka zinalowa, na ubavu wa kushoto ukawa mgumu. Likoni nzima ilisema ni bandama ya homa. Daktari wa ng'ambo ya kivuko, Mhindi mmoja wa maneno machache, akasema la: ni saratani ya damu, ile ya polepole.

"Kuondoka haiondoki," akaniambia, "lakini yazuilika. Atameza vidonge, na kila mwezi tutahesabu chembe nyeupe za damu yake."

Dresa mmoja, msaidizi wa tabibu pale zahanati, kijana wa bara aliyepanga karibu nasi, alikuwa akija nyumbani kumtoa damu na kuitia katika chupa ndogo. Mimi naivusha kwa feri hadi maabara, kesho yake nachukua karatasi, nampelekea daktari.

Hesabu ya kwanza ilikuwa elfu mia na themanini. Ya pili, elfu tisini. Daktari akatabasamu. "Zimeshuka. Vizuri sana."

Nikajiuliza. Tangu lini damu ya mtu kushuka ikawa heri? Kwetu sisi, aliyeshuka damu hupikiwa maini.

Zikaja elfu arobaini, zikapanda hadi hamsini na tano, zikashuka hadi thelathini na nane. Daktari hakushtuka hata kidogo. "Bwana, usisome namba moja. Soma mwendo wake. Halafu mtazame mgonjwa: anakula? Ubavu umelainika?"

Ubavu ulikuwa umelainika, sikatai, na chakula anakula. Lakini mizani inayocheza namna ile, mwenyewe ana lake. Na miaka ile shuku ilikuwa kama vumbi: wa pwani anamshuku wa bara, wa bara anamshuku wa pwani. Msikitini mzee mmoja akaninong'oneza habari za mumiani, ati damu za watu zauzwa. Hilo sikuliamini, mimi si mtoto. Nilichoamini ni kwamba maabara hawapimi kitu. Wanabuni namba, sisi tunaendelea kununua vidonge.

Mwezi uliofuata nikamkalisha dresa barazani. "Leo utanitoa mimi. Kwenye chupa andika jina lake."

"Mzee, hiyo si sawa."

"Wewe ni dresa au kadhi?"

Akacheka, nikamtia kitu mfukoni, nikatoa mkono. Mke wangu yuko uani anafua. Nilikwisha kumwambia mwezi huu hapimwi, akashukuru kuepushwa na sindano.

Karatasi ikarudi: elfu sita na mia nane. Nilicheka juu ya feri mpaka watu wakanigeukia. Mimi, mwanamume wa kubeba magunia mawili, damu yangu isifike hata robo ya damu ya mgonjwa! Nimewakamata wezi.

Nikampelekea daktari ile karatasi nione uso wake. Aliisoma mara mbili, akanishika mkono kwa furaha. "Hii ni hesabu ya mtu mwenye afya! Simamisha vidonge, vikizidi sasa vitamdhuru. Mrudishe baada ya miezi miwili."

Wallahi nikasema moyoni: hata yeye anajua vidonge havina kazi. Nikavisimamisha kwa raha zangu, na mke wangu nikamwambia daktari amesema namba za nyuma zinaonyesha amepona.

Wiki ya sita jasho likarudi. Ya saba, ubavu ulikuwa mgumu hata kanga ikimkaza inamuumiza. Ya nane hakuweza kufika uani.

"Bwana," akaniambia kutoka kitandani, "namba zilisema nimepona. Mbona mwili haukuambiwa?"

Nikamweleza. Akajiinua kwa kiwiko.

"Yaani aliyepona ni wewe."

"Nilikuwa nawapima wao."

"Wao hawaumwi! Utakwenda kumwambia daktari kwa mdomo wako, leo hii, au nitakwenda mwenyewe nikitambaa."

Sikuwa mtu wa kuomba radhi, si ghalani si nyumbani. Siku ile nilisimama mbele ya meza ya yule Mhindi nimevua kofia, nikasema yote. Hakunipigia kelele, afadhali angepiga. Alisema chembe nyeupe za mke wangu ni kama magugu, zikijaa, mazao hayapati nafasi. Kwa mtu mzima kama mimi, elfu sita au saba zatosha kabisa.

"Kwa hivyo maabara walipima sawa?" nikamwuliza.

"Walipima damu yako vizuri. Jina ndilo la uongo."

Damu yake mwenyewe ilipopimwa ilikuwa elfu mia mbili na kumi. Akalazwa siku ile ile, akarudishiwa vidonge, na akaongezewa damu za watu. Mimi nikawa navuka kila asubuhi. Hesabu ikashuka hadi elfu mia na ishirini, ikashuka hadi sabini, kisha ikapanda hadi themanini na tano. Hiyo ya kupanda, kabla sijamwuliza daktari lolote, nilitazama sahani ya mke wangu: alikuwa amemaliza samaki mzima na anauliza kama kuna mwingine. Nikaenda kumtafutia. Safari iliyofuata hesabu ilikuwa elfu arobaini.

Alirudi Likoni baada ya wiki tano, akashuka kwenye feri kwa miguu yake, mimi nimemshikia mkoba. Karatasi ya malipo niliijumlisha mara tatu, kwani radhi ni radhi na hesabu ni hesabu, nikatafuta waliponizidishia nisipaone. Chupa ile moja ilinigharimu kitanda, vidonge, teksi na nauli zangu za kila siku: shilingi elfu moja mia mbili sitini na tatu, na senti arobaini.