Safari ya Macho Yasiyoumwa

Tulishuka kutoka Kirua Vunjo kwa sababu tezi dume ya baba ilivimba hadi mkojo ukagoma, akawekewa mpira wa kutolea mkojo. Daktari wa Moshi alisema tezi itapunguzwa kwa leza. Majirani na ndugu tuliwaambia anakwenda kutibiwa macho. Uongo huo niliutunga mimi, na kwa kuwa sipendi kazi nusunusu, nilimnunulia na miwani nyeusi.

Maandalizi niliyasimamia mwenyewe. Nilikuwa nimejifunza yote kwenye simu, kwa hiyo nilikuwa daktari bingwa, wa kukosa usingizi. Mkojo ulipimwa. Dawa ya kulainisha damu ilisimamishwa kama alivyoelekezwa. Nilimkumbusha kutokula kabla ya matibabu hadi akaniuliza kama mate ameruhusiwa kumeza.

Barabarani, mama muuza ndizi alimshika baba mkono amvushe. Baba akavushwa, mpira ukiwa umefichwa chini ya koti la kanisani. Niliona fahari. Uongo wangu ulikuwa umeiva.

Moshi tulilala kwa shangazi, dada yake baba, ili tuwe karibu na hospitali. Asubuhi akaja na bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi na nyama.

“Shikamoo shangazi. Baba hatakiwi kula,” nikasema.

“Marahaba. Macho na tumbo vinahusiana wapi?”

Daktari bingwa nikapapasa simu mfukoni. Hilo sikulisoma.

“Na mtori si kula,” akaongeza. “Mtori anapewa hata mzazi aliyetoka kujifungua. Kaka, unakataa mkono wangu?”

Baba akashika kijiko. Akila, leza hakuna leo, na ule mpira anarudi nao nyumbani kihambani. Asipokula, aeleze. Nilimjua: angekunywa sufuria zima kuliko kutamka neno lile mbele ya dada yake. Nikafungua mdomo nitunge uongo wa pili.

“Nyamaza wewe,” baba akaniambia. Akaweka kijiko chini, akavua miwani. “Dada, macho ni mazima. Ni tezi dume. Mkojo umegoma.”

Shangazi akaliondoa bakuli taratibu. “Shemeji yako alipokwenda macho mwaka juzi, ulidhani alikwenda macho?”

Hospitalini muuguzi aliuliza kama amekula. “Hapana,” baba akajibu, kwa sauti ya mtu aliyeponea chupuchupu. Maswali yangu daktari alijibu mawili, kisha akaniomba kwa upole nikakae nje.

Tulirudi Kirua baada ya siku chache, bila mpira. Getini alisimama jirani yetu, Mzee Elia.

“Macho yanaendeleaje?”

Nikamtazama baba, miwani ilikuwa mfukoni mwangu, tayari.

“Sikwenda macho,” baba akasema. “Nilikwenda tezi dume. Na wewe, usiku unaamka kukojoa mara ngapi?”

Mzee Elia alitazama migomba, akanitazama mimi, akatafuta jiwe la kukalia.

Nilichojifunza ni kwamba kipimo kimoja hakikuwa kwenye simu yangu: swali la baba kwa jirani. Nikaenda kuwachemshia chai, maana nilifukuzwa tena, sasa na wazee.