Machungwa ya mama mkwe

Jumamosi, tarehe 14. Asubuhi kwetu Mbumbuni ilikuwa na mawingu na baridi.

Leo nusura niharibu safari niliyoipanga mwenyewe!

Mimi ndiye niliyewashawishi kina mama wa kanisa twende Nairobi, katika mtaa wenye wageni wa kila taifa, tuonje chakula cha Vietnam. Mama mkwe wangu pia alikuja.

Mkahawani ikaletwa supu ya tambi na sahani ya majani mabichi.

"Tumemnyang'anya mbuzi wa nani majani yake?" akauliza mwenzetu Mama Kioko. Tukacheka.

Kisha mama mkwe akaona picha ya bibi mzee ukutani. Mbele yake matunda na ubani unaofuka moshi.

Akasimama na mkoba wake. "Mama Mumo, umetuleta kwa waabudu sanamu?"

Vijiko vikawekwa chini. Mimi jasho tu.

Mwenye mkahawa, Mvietnam, anajua Kiswahili. "Huyo ni mama yangu," akasema polepole. "Alifariki nikiwa huku. Sikufika kumzika."

Mama mkwe akanigeukia. "Kumbe tumekuja kwa mfiwa mikono mitupu?"

Akatoa mkobani machungwa aliyobeba ya kula njiani, akampa. "Ni yako wewe, si ya picha." Akamwombea kwa Kikamba mpaka supu ikapoa, kisha akaketi akala yote, hata majani.

Tukitoka, chungwa letu moja lilikuwa mbele ya picha. Mama mkwe aliliona. Akampa mwenye mkahawa mkono wa kwaheri.

Nyinyi mnaosoma haya, mngeketi kula?

Saa nne na robo. Nalala nikishukuru.