Mbegu za Mchikichi Kitaluni Kimisagara

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1990, mkuu wa kitalu aliniweka mbele ya gunia la mbegu za mchikichi akaniuliza kama nina subira. Mimi Zaina, binti wa fundi cherehani, nilijua mawese ya sokoni tu. Mti wenyewe sikuwahi kuuona. Nikajibu ninayo.

Mchikichi ni mti wa misitu ya joto na mvua. Kigali, kilipokuwa kitalu chetu, kuna baridi kwake, kwa hiyo tuliotesha miche ya kupeleka Bugarama, bondeni kwenye joto. Mbegu zake zina ganda gumu. Tuliziloweka siku saba tukibadilisha maji kila asubuhi, tukazianika kivulini, tukazifunga kwenye mifuko na kuzifukia ndani ya samadi mbichi. Samadi ikichacha hutoa joto, na mbegu hulihitaji joto hilo karibu miezi mitatu.

"Zaina, mifuko usifungue," alisema mkuu. "Joto ikitoka, kazi imekufa."

Nikafungua. Kila alipokwenda mjini nilichungulia. Mbegu zikapoa, zikakauka, haikuota hata moja. Mkaguzi wa wizara akaja amekasirika.

"Nani alikuwa anaangalia hii?"

"Ni mimi," mkuu akajibu. "Sikufundisha watu vizuri."

Akaandikiwa barua ya onyo. Nilimfuata ofisini nikamweleza yote huku nalia.

"Nilijua," akasema. "Fundo ya mifuko ilikuwa yako, mimi sifungi vile. Wewe wangekufukuza. Mimi wamenigombeza tu. Kesho tunaanza tena."

Safari hiyo ziliota. Tukahamishia miche kwenye viriba, yaani mifuko midogo ya udongo, chini ya kivuli cha nyasi, na udongo haukuachwa ukauke hata siku moja. Lori la kwanza lilipoondoka kwenda Bugarama, mkuu alikataa kukaa mbele na dereva. Alipanda nyuma, kati ya miche.

Aprili 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda, aliuawa nyumbani kwake Kibagabaga, yeye na wanawe wawili. Mkewe, Mama Goreti, alinusurika.

Julai nilirudi kitaluni bila kuitwa na mtu. Miche mingi ilikuwa imekauka. Nilikuwa namwagilia iliyobaki Mama Goreti alipoingia langoni. Hakujua aende wapi, akaja mahali mumewe alipozoea kuja. Nikamsimulia habari ya ile barua.

"Hakuniambia," alisema. "Kila siku alisema kazi iko sawa." Akacheka, kisha akalia sana. Alipotulia, aliomba ndoo.

Tulifanya kazi pamoja mpaka tukastaafu. Siku hizi hunipigia simu Jumapili. Tunaanza na habari za magoti yetu, halafu ananiomba nimsimulie habari za mumewe akiwa kazini, upande ambao yeye hakuuona. Simfichi kitu, hata makosa yake. Namsimulia polepole, maana siku nilizofanya kazi na mumewe zilikuwa chache, na sitaki ziishe.