Jinsi Nilivyompunguza Kukhu

Tulipokuwa darasa la nne pale Tuwan, mtaa wetu wa Kitale, kulikuwa na habari moja ambayo kila mtoto aliijua na hakuna mzazi aliyewahi kuisikia. Ati ukimfanya mdoli awe mtu fulani unayemjua, halafu umwekee vyombo visivyo vya kipimo chake, basi yule mtu halisi ataanza kuvifuata vile vyombo. Vyombo vikiwa vikubwa mno kwa mdoli, mtu atapungua. Vikiwa vidogo mno, atarefuka. Ushahidi ulikuwepo wa kutosha kumfunga mtu maisha. Kulikuwa na mwalimu wa Kachibora aliyepungua hadi akawa anafundisha akiwa juu ya kreti ya soda, chaki ameikumbatia kwa mikono miwili kama mchi. Kulikuwa na mama wa mitumba ambaye mtoto wake alimlaza mdoli ndani ya sanduku la kiberiti. Asubuhi miguu ya huyo mama ilikuwa imetokea dirishani na kuku watatu wamelala juu yake. Aliyetuletea habari hizi ni msichana wa jirani, aliyetuzidi miaka mitatu, na aliyekuwa na kipaji cha kutopepesa macho anapoongea. Niliamini asilimia mia mbili.

Cheka tu, rafiki yangu. Hata mimi nacheka, tena mpaka mbavu zinaomba likizo. Lakini wiki mbili zilizopita niliacha kucheka.

Siku hizi nikitoka kazini natengeneza vijiji vidogo vya midoli. Nina meza moja hapa Kitale na juu yake kuna soko zima: kinyozi, muuza mahindi choma, fundi wa baiskeli, wote ni mashujaa wa plastiki niliowavua kofia za vita nikawavalisha makoti ya mvua. Mashujaa hao wana urefu wa inchi sita. Mtu wa futi sita ukimgawanya kwa kumi na mbili unapata inchi sita, kwa hivyo kila chombo chao lazima kiwe cha moja kwa kumi na mbili. Hesabu hiyo niliielewa vizuri katika masomo ya jioni ya watu wazima, ambako nilikuwa mwanafunzi bora kuliko wote waliokuwa macho. Na nikushauri bure: usidanganywe na maandishi ya sanduku. Angalia kile ambacho mwili wa mdoli unagusa. Mti ukizidi kidogo, nani atajua? Miti ina urefu wake. Lakini kikombe lazima kiingie kiganjani, kitasa cha mlango kikae karibu na kiuno, kiti kifike gotini. Hapo ndipo uongo unapoonekana.

Basi niliagiza kiti cha kinyozi. Kilichofika kilikuwa cha moja kwa sita, yaani mara mbili ya kile nilichotaka. Nikamketisha mteja juu yake nione, na miguu yake ikaning'inia hewani.

Mtu mzima mwenye ndevu, nilikiangusha kile kiti kama kaa la moto, kwa sababu ile haikuwa miguu ya mdoli. Ilikuwa miguu ya kukhu.

Kukhu ndilo jina tulilomwita nyanya, mama mzaa baba. Alikaa Misikhu, na kila shule ikifungwa mimi nilipelekwa huko na begi la nguo na mikate miwili. Naikumbuka nyumba ile kwa pua kabla ya macho: moshi wa kuni, sakafu iliyotoka kupakwa samadi mbichi, maziwa ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa. Ugali wake wa wimbi ulikuwa mweusi na mzito hivi kwamba, nikikwambia, ukianguka mezani watu wa Webuye walisikia. Mchana mashine ya kusaga ilinguruma kule sokoni, na mikaratusi nyuma ya zizi ikapepea ikitoa harufu ya dawa ya kifua. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji, kufukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa, na kumsikiliza. Kukhu alipenda kusema, "Mtoto anayekaa bure ananichosha kumtazama." Kwa hivyo nikawa natengeneza vitu.

Mdoli mwenyewe alitoka kwenye rundo la mitumba Kitale. Alikuwa askari wa plastiki anayekunja magoti na viwiko, kidole kimoja hana. Nikamfunga kitambaa kichwani, nikamvisha rinda la kipande cha kitenge, nikatangaza kwamba huyu ni kukhu. Kukhu alipoonyeshwa alicheka akashika kiuno. "Ndevu hizi nimetoa wapi?" Nikazipaka ndevu udongo.

Nyumba yake niliikandika kwa matope na vijiti, paa nikalikata kwenye debe la mafuta ya kupikia. Kigoda kilikuwa kigurudumu cha uzi kilichokwisha. Sahani ilikuwa kifungo cha koti. Sufuria ilikuwa kofia ya chupa, ile kubwa ya samawati. Niliona ni uzuri mtupu. Sikuona kwamba kile kigoda kilimfika mdoli kiunoni, na kwamba ile sufuria ingetosha kupikia watu wa harusi.

Kisha asubuhi moja kukhu alinyanyua mkono kutundika kibuyu ukutani, mahali pake pa siku zote, na mkono haukufika. Akajaribu tena, akisimama kwa vidole. Akageuka akaniangalia, nusu mzaha.

"Nani amepandisha huu msumari?"

Rafiki, damu yangu yote ilishuka ikaenda kukaa kwenye nyayo. Hakuna aliyeupandisha msumari. Nikaanza kumtazama kukhu kama polisi. Rinda lake lilikuwa linafagia vumbi. Alipoketi kwenye kiti cha babu, miguu yake iliachana na sakafu, nayo ikaning'inia, ikicheza polepole kama ya mtoto kanisani. Nilitazama ile miguu hadi chai yangu ikapoa. Kisha nikaenda kwenye nyumba ya matope, nikamketisha mdoli kwenye kigoda. Miguu ikaning'inia vilevile.

Sikumwambia mtu. Ungeanzaje? Samahani shangazi, nimempunguza mama yako?

Nikaenda kwa jirani, fundi wa mbao. Alitengeneza vitanda mbele ya kibanda na majeneza nyuma yake, na watoto wote tulipita pale mbio. Siku hiyo nilipita polepole nikasimama.

"Niaje, mtu ya Kitale," akasema, penseli sikioni. "Leo hukimbii?"

"Fundi, kitu kinajulikana aje kama kinamtosha mtu?"

"Mtu gani?"

Nikatoa mdoli shatini. Akamgeuza, akamwangalia chini ya rinda, akacheka. "Huyu bibi ana suruali ya jeshi, bana." Lakini alikuwa mtu wa kazi, na swali la kazi hakulidharau. Akamlaza juu ya futi yake ya kupimia. "Wewe ulianza na vyombo, si ndiyo? Makosa. Unapima mtu kwanza, kitu baadaye. Mtu wa kawaida tuseme futi tano na nusu. Huyu wako ni inchi tano na nusu. Sasa kila futi ya huku kwetu, kwake ni inchi moja. Umeshika?"

"Nimeshika."

"Kigoda cha futi moja?"

"Inchi moja."

"Kikombe cha inchi tatu?"

Hapo nikakwama. Akanichorea kwenye ubao: robo inchi. Ubao wenyewe, nilikuja kugundua, ulikuwa wa jeneza, na nilikuwa nimeuegemea kwa kiwiko tangu mwanzo. Niliondoka pale bila kuaga.

Likizo ile nilifanya kazi kama watu kumi na wawili. Nilikikata kile kigurudumu cha uzi hadi inchi moja. Vifuniko vya mbegu za mkaratusi vikawa vikombe. Vilikuwa robo inchi kamili kama vimetoka kiwandani. Punje za wimbi zikawa maharagwe. Mlango niliufanya inchi sita na nusu, na nikakaza msumari mdogo ukutani mahali ambapo mkono wa mdoli ulifika bila taabu. Hapo nilipiga magoti nikaomba. Kisha nikamwambia kukhu asimame kwenye nguzo ya mlango, nikamwekea alama ya makaa juu ya kichwa.

"Unanipimia nini?" akauliza.

"Rinda," nikadanganya.

Nilirudi Tuwan nikiwa na matumaini makubwa. Muhula mzima nilikuwa natumwa dukani narudi na kitu kingine, kwa sababu kichwa kilikuwa kimebaki kwenye ile nguzo. Likizo ya Agosti nilishuka Misikhu nikakimbia hadi nyumbani, sikusalimu hata ng'ombe. Nikamsimamisha kukhu. Alama ya makaa ilikuwa juu yake. Kwa upana wa vidole viwili.

Vyombo vyote vilikuwa sawa, na bado alikuwa anashuka! Usiniulize niliwaza nini, niliwaza yote. Pengine kulikuwa na kitu kimoja nilichosahau. Nilipima hadi kuta. Nilipima hadi kuku wa matope. Halafu wazo baya likanijia: sasa mdoli ndiye mrefu kuliko mwenyewe. Nikaazima msumeno mdogo wa fundi, nikauweka chini ya magoti ya mdoli. Kama kigoda kiliweza kumpunguza kukhu, msumeno je? Nikamwona kukhu akilini asubuhi ya pili, shuka limelala bapa kuanzia magotini kwenda chini. Nikautupa msumeno nikalia nyuma ya zizi hadi kwikwi ikanishika.

Kukhu alinikuta hapo. Aliinama, na siku hizo hakuwa na safari ndefu ya kuinama, akanipangusa kamasi kwa ncha ya leso.

"Kukhu, mbona unakuwa mfupi?"

Akafikiria. "Nashuka polepole nisije nikaanguka." Akacheka peke yake, akanipeleka ndani tukala viazi vitamu. Mimi sikucheka. Mdoli nilimficha darini, katikati ya mahindi ya mbegu, na sikumgusa tena.

Alifariki nilipokuwa darasa la saba. Tulifika Misikhu kutoka Kitale siku ya pili, na kitu cha kwanza nilichokiona ni fundi amepiga magoti mbele ya kibanda, anakata ubao. Hakunitania. Nilisogea nikatazama penseli yake ilipokuwa imeandika urefu, na nikajua hesabu ile kuliko mtu yeyote pale. Watu walilia kwa sababu kukhu ameondoka. Mimi nililia kwa sababu nilijua aliyemwondoa. Niliubeba mzigo huo nikiwa mvulana, nikiwa kijana, nikiwa mwanafunzi mzee wa masomo ya jioni anayechekesha darasa. Ukiniona nafanya kelele nyingi mahali, ujue kuna sehemu ndani yangu sitaki isikike.

Kwa hivyo kile kiti kikubwa kilipofika, nilivumilia siku tatu. Ya nne nikaenda Misikhu.

Hungepatambua. Mikaratusi imekatwa yote, na upepo sasa unapita pale bila kusema neno. Kibanda cha fundi ni duka la chaja na vifuniko vya simu. Mashine ya kusaga ni ya umeme, inaimba kwa sauti nyembamba kama mbu. Nyumba ya kukhu ilibomolewa, msumari, nguzo, mdoli na yote, na mahali pake kuna nyumba ya matofali yenye vigae vya sakafu ambavyo haviwezi kupakwa samadi hata ukitaka. Watoto wa jirani walikuwa sebuleni wakiangalia katuni. Niliwatazama nikaona wivu kidogo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sababu ya kuogopa kigurudumu cha uzi.

Shangazi, dada yake baba, ndiye anayekaa hapo. Ni mshonaji, na tangu zamani ndiye aliyewashonea wanawake wa nyumba ile. Aliweka chai, akaketi. Nikaanza kwa mzaha kama kawaida yangu, mwalimu wa Kachibora na kreti, akacheka sana. Nikaendelea hadi kigoda. Nikaendelea hadi vidole viwili. Sauti ikanikatika mahali ambapo sikuipa ruhusa.

"Ngoja," akasema. "Ati umekaa na hii kitu miaka yote hiyo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na una cheti cha masomo ya jioni?"

"Ninacho."

Aliinuka akaenda chumbani, akarudi na rinda la kijivu la kukhu la kanisani, lililonukia nafthalini ya kufukuzia nondo. Akaligeuza ndani nje kwenye mapaja yangu, akanishika kidole, akakipitisha juu ya pindo. Kulikuwa na mstari wa mkunjo. Juu yake mstari mwingine. Juu yake mwingine tena, na mwingine, minne yote, kila mmoja na uzi wa rangi yake.

"Hizi nimekunja mimi kwa mkono wangu, kila rinda lilipomzidi urefu," akasema. "Huu wa kwanza, babako alikuwa bado hajamleta mamako hapa nyumbani. Daktari wa Bungoma alituambia uti wa mgongo unabonyea, mtu anapungua. Ni mifupa ya uzee, baba. Wewe ulikuwa hujazaliwa."