Na Mimi Ninyooshe

Harufu ya mafuta ya karanga yakipashwa moto hunirudisha Usoke, kwenye mkeka wetu. Dada yangu alikuwa mkimbiaji wa shule. Kila jioni mama alimpaka mafuta hayo, akamvuta miguu polepole, akamkunja magoti hadi kifuani. Asubuhi dada aliamka mwepesi, akakimbia tena. Mimi niliyeshinda nimeinama shambani kuchuma tumbaku niliamka mgongo umekaza kama ubao.

Jioni moja nikasema, "Mama, na mimi ninyooshe."

"Wewe nikikunyoosha, majirani watakuja kuamulia!"

Mama alicheka. Dada naye akacheka, miguu yake mapajani mwa mama.

Nikajilaza karibu na ukuta, nikajivuta vidole vya miguu mwenyewe. Mgongo ulilegea kweli, ila mikono ya mama ilibaki kwa dada.