Mlinzi Asiyesema Wallahi

Mnaniuliza mbona hadithi ilikatika sehemu ya kumi na saba. Wengine mnanitukana kabisa, ati nimeshiba Dubai nimewasahau. Haya, tulieni. Leo nitawaambia, na mkimaliza kusoma msiniombe sehemu ya kumi na nane, kwa sababu haipo na haitakuwepo.

Mimi ni Serah, nafua shuka kwenye hoteli moja hapa Al Rigga. Yule mlinzi mliyempenda, mzee wa kofia pana asiyeapa hata akamatwe, si mtu niliyemtunga. Anaitwa Kegode, wa Vihiga, miaka hamsini na moja, baba wa watoto wanne. Alikuwa analinda lango la nyuma, pale mboga zinapoingilia na sisi wafanyakazi tunapotokea. Kofia pana hana. Hiyo niliiweka mimi.

Tulijuana kwa ugomvi. Wageni huacha vitu kwenye shuka: hereni, simu, meno ya bandia, kila kitu. Ukikuta, unapeleka langoni, mlinzi anaandika kwenye daftari na kukifungia kabatini. Siku hiyo nilikuwa na hereni moja ya lulu.

"Ni hii moja tu?" akaniuliza.

"Wallahi ni hiyo moja."

"Sijakwambia uape, dada. Nimekuuliza tu."

Aki nilikasirika! Hapa kila mtu akitaka kuaminiwa anasema wallahi. Mhindi wa jikoni, Mfilipino wa mapokezi, hata sisi Wakenya tuliookoka. Umechelewa? Wallahi basi lilichelewa. Umevunja glasi? Wallahi niliikuta imevunjika. Nikaona huyu mzee ananiita mwongo mchana kweupe. Nikamnunia siku tatu nzima.

Siku ya nne akanitumia chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki, kwa mtu wa jikoni, nikalainika nikaenda. Akaniambia yeye ni wa kanisa la Friends, Marafiki, wale ambao vitabuni wanaitwa Wakweka, Quakers kwa Kiingereza. Kwao kiapo hakuna, wala mahakamani. "Nikiapa leo kwamba nasema kweli," akasema, "basi jana nilipokuwa sijaapa nilikuwa nafanya nini?" Nilimeza chai tu.

Sasa mimi ni mwandishi, na mwandishi akisikia kitu kama hicho halali. Mnajua hadithi zangu za WhatsApp, sehemu mbili kwa wiki, wasomaji elfu mbili na ushee. Nikaingia mtandaoni kutafuta Wakweka wa kwenye riwaya wakoje. Wueh! Wote ni mtu yule yule. Mzee wa kofia nyeusi, nguo za kijivu, mdomo umefungwa, amemficha mtumwa aliyetoroka ghalani na askari wanabisha mlango. Au mama wa kilemba cheupe, ametulia kitini huku nyumba inaungua. Ni watu wa kuaminiwa tu, hawana njaa, hawana mzaha, hawana hata mafua.

Nikamwonyesha Kegode. Alicheka mpaka akashika meza. "Kofia? Yangu mimi ni hii ya kampuni! Na nani kakwambia sisi tuko kimya? Njoo kwetu Jumapili usikie ngoma. Utaziba masikio."

Lakini ngoma haikunifaa. Wasomaji wanapenda mtu wa kimya. Kwa hiyo nikamnyang'anya Kegode ngoma yake, nikamvika kofia, hadithi nikaiita *Mlinzi Asiyeapa*. Nilimwomba ruhusa, jamani, sikumwibia. Alisema, "Andika, ila usiniapishe." Na kusoma hakusoma. Alisema kujisoma mwenyewe ni kama kujipiga picha ukilala.

Hadithi ikashika moto. Hata hotelini walikuwa wanaisoma kwa siri wakati wa chakula. Nasifu, msimamizi wa walinzi, Mganda mmoja mcheshi mwenye sauti ya redio, alianza kuniita "Mwandishi" kila nikipita. Mimi nikawa natabasamu kama mjinga. Nilijua kwamba yeye na Kegode hawaivi chungu kimoja. Mwezi ule wa Ramadhani simu ya mgeni ilipotea kabatini, Nasifu akamtaka Kegode aandike daftarini kwamba imerudishwa kwa mwenyewe, Kegode akakataa. Wenye ufunguo wa lile kabati walikuwa watatu tu: Nasifu, Kegode, na Khalfan meneja wetu.

Kisha akaja msomaji mmoja. Picha hana, jina amejiita Msomaji Mpenzi, namba ni ya hapa hapa Emirati. Wengine walikuwa wanatuma vikopa na "nimelia sana". Yeye alikuwa anauliza maswali. Mlinzi anakaguaje lori? Dakika ngapi yuko mbali na kabati? Nikadhani nimepata msomaji makini, nikamjibu yote ndani ya hadithi. Nilivimba kichwa, nasema ukweli.

Kwenye sehemu ya kumi na tano akaniandikia: "Na kitu kikipotea zamu yake, wote wakaapa isipokuwa yeye? Bosi atamwamini nani?"

Nilipiga kelele ya furaha kitandani, wenzangu wakadhani nimepata habari ya msiba. Swali lenyewe lilikuwa hadithi nzima! Sehemu ya kumi na sita nikaiandika kwa saa mbili. Mwizi anasubiri mlinzi atoke kukagua lori la mboga saa nne asubuhi. Anafungua kabati kwa ufunguo, bila kuvunja, anachukua bangili ya mgeni. Halafu anajipanga mstarini na wenzake, anaapa kwa sauti kuliko wote. Ya kumi na saba nikaishia mlinzi akiwa amesimama mbele ya bosi, amefunga mdomo. Ya kumi na nane ilikuwa kichwani tayari: bosi anamtazama machoni na kumwamini, kwa sababu mtu asiyeapa hawezi kuwa mwongo. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwenye riwaya zote.

Msomaji Mpenzi akajibu dakika hiyo hiyo: "Safi sana. Lile kabati la kijani sasa limepata kazi."

Nilisoma mara tatu. Nikarudi juu, nikapekua sehemu zote kumi na saba. Rangi ya kabati sikuwa nimeiandika popote. Na kabati letu la langoni ni la kijani kweli. Lakini nikajiambia labda amebahatisha, kabati si huwa za kijani au kijivu? Kegode sikumwambia. Niliogopa ataniambia niache kuandika.

Wiki hiyo yeye alikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona kwake. Binti yake Asige alikuwa anaolewa Desemba. Miaka mitatu hajakanyaga nyumbani, likizo imekubaliwa, tiketi iko kwenye simu, anaionyesha kila mtu mpaka wafagiaji. Alikuwa ameshonesha suti kwa fundi wa mtaa wa Satwa. Jumanne ilikuwa siku yangu ya mapumziko, akaniomba nikamchukulie.

Nilirudi karibu saa saba, suti begani ndani ya mfuko wa nailoni. Langoni hakukuwa na mtu. Niliwakuta wote kwenye chumba cha chakula, wamepangwa mstari kuanzia jikoni hadi mlangoni. Mbele yao alisimama Khalfan, mtu wa ukoo wa Unguja uliohamia hapa tangu enzi za babu zake, mpole, hajawahi kumfokea mtu. Siku hiyo uso ulikuwa umemsawijika.

"Jamani, bangili ya mgeni haipo," alisema. "Kufuli zima. Lori la mboga liliingia saa nne, na baada ya hapo haikuonekana tena. Kabla sijawaita polisi, nataka kila mmoja wenu aniambie kwa kiapo."

Bangili. Saa nne. Lori. Nilikuwa nasikiliza maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwa Khalfan.

Wakaanza kuapa mmoja mmoja. Wallahi, sir. Wallahi sikuigusa. Nasifu aliapa mara tatu, mkono juu, sauti yake ya redio ikajaa chumba kizima. Alipomaliza alinitazama mimi, kidogo tu, halafu akatazama pembeni. Ikafika kwa Kegode.

"Sikuichukua," alisema.

"Sema wallahi, bwana Kegode. Au kwa Biblia yako, hapana neno."

"Sikuichukua, sir. Mimi siapi. Nilivyosema ndivyo ilivyo."

Nikamkodolea macho Khalfan. Nilikuwa nangoja aamini, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimeshamwandika akiamini. Badala yake nikaona uso wake unafunga. "Watu arubaini wameapa," alisema taratibu. "Wewe una ufunguo, ulikuwa zamu, na wewe peke yako ndiye unayeogopa kuapa. Mimi nifahamu nini, bwana?"

Hapo nikaropoka. "Wallahi nilimwona Nasifu! Wallahil-adhim, saa nne, anatoka kwenye kabati!"

Nasifu akabadilika rangi, na mpaka leo sijui ni kwa hofu au kwa hasira. Khalfan hata hakunitazama, akamgeukia Kegode. Hata yeye, kumbe, alijua pa kuuliza.

"Bwana Kegode, Bi Serah alikuwepo hapa saa nne?"

Neno moja tu. Ndiyo, basi, tungeondoka pale. Nilimtazama, nikamwomba kwa macho, nikamfinyia jicho mpaka shavu likauma. Alinitazama kwa huruma, ile ya mzazi kwa mtoto aliyejikojolea mbele za watu. Halafu akautazama ule mfuko begani mwangu.

"Hakuwepo," alisema. "Nilimtuma Satwa kunichukulia suti."

Khalfan akapiga simu polisi.

Walimshikilia siku nne. Waliniita na mimi, nikaulizwa, nikarudishwa na barua ya onyo kwa kusema uongo. Kegode wakamwachia asubiri kesi, lakini pasipoti ikabaki kwao. Kusafiri hakuna mpaka kesi iishe. Bangili haijapatikana. Hotelini Nasifu bado anapita na kicheko chake, "Mwandishi, vipi?", nami naitikia salama, kwa sababu sina ushahidi wowote ila rangi ya kabati. Nilifikiria kumwonyesha Khalfan zile meseji. Kisha nikaona atakavyosoma: mwanamke aliyeapa uongo, na aliyeandika wizi wiki nzima kabla haujatokea. Nikaogopa. Nikafuta hadithi yote, sehemu zote kumi na saba, kama mnavyojua.

Desemba ikafika. Kegode alikuwa amejibanza kwa jamaa zake chumba kimoja huko Satwa, vitanda sita, wote wametoka kwenda kazini. Nilimpelekea simu yangu kwa sababu yake ilikuwa polisi. Nilimkuta amevaa suti. Ile ile, ya bluu, imemkaa vizuri sana, na chini amevaa kandambili kwa sababu viatu alikuwa ameviuza.

Tukaketi kitandani, mpwa wake akatupigia video kutoka kanisani. Kumbe alisema kweli, mzee huyu: ngoma zilikuwa zinapigwa mpaka spika ya simu inakwaruza, kina mama wanaruka, hakuna mtu wa kimya hata mmoja. Asige akaingia ameshikwa mkono na baba mdogo. Kegode akaanza kuimba nao, polepole, kwa Kimaragoli, anapiga goti kwa kiganja.

Ndipo ujumbe ukashuka juu ya kioo, ukamfunika Asige uso.

Msomaji Mpenzi: "Mwandishi, mbona kimya? Sehemu ya 18 lini? Kabati la kijani limewekwa kufuli jipya, tupe kitu kingine."

Nilinyoosha kidole kuufuta. Alikuwa ameshausoma.

"Huyu nani?"

"Msomaji tu, Baba Asige. Wasumbufu ni wengi."

"Anajua kabati letu." Aliacha kupiga goti. "Serah, ulimwandikia nini?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Wallahi sijui. Wallahi simfahamu. Ningelisema, angenyamaza, tungemalizia harusi. Lakini nilimtazama amekaa hapo na suti ile na kandambili, nikashindwa.

"Nilimwandikia jinsi ya kuiba bangili na kukuachia wewe lawama," nikasema. "Saa nne, lori, ufunguo, watu kuapa mstarini. Yote. Wiki moja kabla. Niliona ana jambo, na sikukwambia."

Hakusema kitu. Kwenye riwaya nilishaandika kimya chake mara nyingi, kirefu, cha heshima, watu wanalia. Hiki sikukijua. Kilinitia hofu kuliko polisi, nikatamani anitukane. Kule Vihiga ngoma zilinyamaza, mchungaji akaanza kuuliza maneno ya ndoa, na Asige akageuka kuitazama kamera, anamtafuta baba yake.

"Inua simu," Kegode akasema, bila kunitazama. "Unatetemeka, mtoto hanioni."

Nikaiinua kwa mikono miwili.